Kurudisha samaki na korongo kwenye kijito chetu: shajara ya mradi wa ruzuku, Iringa

Shajara hii ni kwa ajili ya vikundi vingine vya kujitolea vinavyotaka kuomba ruzuku ya kutunza makazi ya samaki na wanyamapori. Tunaongeza sehemu kila hatua inapokamilika. Yaliyokwenda vizuri tunayapitia haraka. Tunakaa zaidi pale tulipokwama, kwa sababu hapo ndipo pesa na nguvu za watu hupotelea.

Machi 2022: Hali ilivyo

Kijito chetu kinatoka kwenye chemchemi zilizo juu ya kijiji, kinapita katikati ya vinyungu, yaani bustani za bondeni, kisha kinaingia Mto Ruaha Mdogo. Watu wazima wote hapa waliwahi kuvua kambare na perege humo utotoni. Leo mtoto akienda na ndoano anarudi na vifaranga, tena siku ya bahati. Fisi maji hatujamwona kwa muda mrefu. Korongo taji wamebaki wachache, kwenye matete ya upande wa chini.

Sababu hazijifichi. Milingoti (mikaratusi), miti inayonywa maji mengi, imepandwa hadi ukingoni mwa chemchemi. Vinyungu vimechimbwa mpaka majini. Banio la mfereji, yaani ukuta unaozuia kijito ili maji yaingie mferejini, limejengwa kwa zege bila kuacha njia ya samaki kupanda. Na wapo wanaotwanga utupa, mmea wenye sumu ya samaki, na kuutia kwenye madimbwi wakati wa kiangazi, ukaua wakubwa na wadogo pamoja, jambo ambalo Sheria ya Uvuvi ya 2003 inalikataza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inataka shughuli za binadamu za kudumu au zenye madhara zikae mita 60 kutoka kwenye ukingo wa maji. Kila mtu kijijini ameshaisikia mita 60 mkutanoni. Ambacho hakikuwapo ni mtu wa kushika kamba na kuipima pamoja na wenye mashamba.

Tukaanza sisi. Wengi wetu ni akina mama wa kikoba kimoja, pamoja na vijana wa bodaboda na wazee wachache. Malipo hakuna.

Juni 2022: Usajili

Katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama, barua ya mtendaji wa kijiji, kisha kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Baada ya hapo namba ya mlipakodi na akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Hakuna fumbo hapa, ni kufuatilia tu.

Ila jambo moja liliturudisha nyuma. Katiba yetu ya kwanza ilisema lengo la kikundi ni kukopeshana na kuweka akiba, kwa sababu tuliinakili ya kikoba. Mfuko wowote wa mazingira ukisoma hapo unaiweka pembeni. Tulirudi kwenye mkutano, tukaingiza kifungu cha kutunza vyanzo vya maji, samaki na wanyamapori, na kingine kinachosema mali ya mradi itaenda wapi kikundi kikivunjika. Hicho cha pili kiliulizwa na kila mfuko tuliouendea. Kiwekeni mapema.

Novemba 2022: Ombi la kwanza limekataliwa

Tulipotafuta wa kumwomba, tulijifunza kwanza kusoma ramani. Mfuko wa hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki unasaidia jamii zinazozunguka milima hiyo. Udzungwa imo, bonde letu halimo. Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya 2002, unatoa ruzuku kwa shughuli za misitu, hivyo mtu wa samaki lazima aeleze miti inaingiaje. Programu ya ruzuku ndogo ya GEF (mfuko wa dunia wa mazingira), inayopita UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, inachukua vikundi vya jamii, kiwango chake cha juu wakati huo kilikuwa dola 50,000, na inatazama sana mchango wa jamii wenyewe, uwe wa pesa au wa kazi. Kabla ya kujaza fomu, ulizeni kama kijiji chenu kimo ndani ya eneo na kama kazi yenu imo ndani ya lengo.

Tuliomba kwenye mfuko mwingine, mdogo zaidi. Tukakataliwa. Barua ya majibu ilitaja mambo matatu, na yote yalikuwa ya kweli.

La kwanza: tulijaza kurasa mbili na habari za Ruaha Mkuu, jinsi ulivyoanza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993 na jinsi ardhioevu ya Ihefu ilivyosinyaa. Habari ni sahihi, lakini maji yetu hayapiti hifadhini. Ruaha Mdogo unaungana na Ruaha Mkuu chini ya hifadhi, kuelekea bwawa la Mtera. Kamati iliuliza kijito chetu kitaokoaje mto ulio juu yake. Kishawishi cha kuegemea mto mashuhuri ni kikubwa, nakielewa, lakini kijito kidogo kina hoja zake, na ndizo zinazoombewa pesa.

La pili: tuliomba pesa za vifaranga vya sato ili "kurudisha samaki". Sato si wa bonde la Rufiji, ambamo kijito chetu kimo. Akitiwa kwenye maji yenye perege wa asili huzaliana naye, na baada ya muda perege halisi anapotea ndani ya machotara. Yaani tungeomba ruzuku ya uhifadhi tukaitumia kummaliza yule tunayetaka kumhifadhi. Samaki wa asili bado wapo Ruaha Mdogo. Wanachokosa ni njia ya kupanda na mahali pa kuzalia.

La tatu: karibu theluthi ya bajeti ilikuwa posho za vikao.

Machi 2023: Kupima kabla ya kuomba tena

Safari hii tulianza kwa kupima hali ya awali. Tulizungumza na afisa uvuvi, tukapata mzee anayejua kusuka migono, yaani mitego ya samaki ya fito, tukaiweka usiku mmoja kila mwezi chini na juu ya banio. Asubuhi samaki anapimwa urefu, anaandikwa, anarudishwa majini. Pia tulichomeka fito zenye alama za sentimita kwenye madimbwi, na tukachagua sehemu za kupigia picha kila robo mwaka, tukasimama kwenye jiwe lilelile.

Kambare walipatikana chini ya banio tu. Juu yake hatukumpata hata mmoja. Daftari hilo moja lilieleza shida kuliko zile kurasa mbili za Ruaha Mkuu.

Viashiria navyo tulivibadilisha. "Samaki kuongezeka" ndani ya mwaka mmoja huwezi kukithibitisha, maana mvua ya mwaka mmoja tu inatosha kubadili kila kitu. Tukaandika vinavyohesabika: miche iliyo hai baada ya kiangazi, visiki vya milingoti visivyochipua, kambare kupatikana juu ya banio, viota vya korongo visivyobughudhiwa.

Posho tukaziondoa. Tukabakiza chakula cha siku za kazi.

Julai 2023: Tumekubaliwa

Ruzuku ni Sh 16,000,000 kwa miezi 20. Kanuni tuliyojiwekea: pesa inunue kile tu ambacho mikono yetu haiwezi. Kuchimba mashimo, kubeba mawe, kumwagilia, kulinda, hayo ni yetu. Saruji, lori, msumeno wa mashine na miche ya kununua, hayo ni ya ruzuku.

Rasimu ya mkataba ilisema tutapewa asilimia 40, kisha 40, kisha 20 baada ya ripoti ya mwisho. Msome vizuri hapo. Asilimia 20 inayokuja baada ya ripoti ya mwisho ni pesa ambayo kikundi lazima kiwe kimeshaitumia kutoka mfukoni mwake, na sisi mfuko huo hatuna. Tuliandika barua kabla ya kusaini, tukaambatisha kalenda ya kazi, na mfuko ukakubali 50, 40 na 10. Hakuna aliyekasirika kwa kuulizwa. Ukishasaini, nafasi hiyo imekwisha.

Novemba 2023: Mbegu, milingoti na pesa iliyochelewa

Tulitaka mivengi, kwa sababu ni mti wa kwetu unaopenda maji, una kivuli kizito na matunda yake yanaliwa na ndege na watoto. Tuliokota matunda, tukaondoa nyama, tukaanika mbegu na kuzitia kwenye kiroba kama tunavyofanya mbegu za paina. Hazikuota. Afisa misitu alieleza kwamba mbegu ya mvengi ikikauka imekufa. Inatakiwa iingie kwenye kiriba (kimfuko cha kuoteshea mche) siku chache baada ya kuokotwa, ikiwa bado na unyevu. Tulizipanda za pili mbichi, zikaota vizuri, lakini hazikuwahi msimu huu. Ikabidi tununue miche 2,500 kwa Sh 700 kila mmoja, jumla Sh 1,750,000.

Awamu ya kwanza ilitegemewa Agosti, ikaingia Oktoba mwishoni. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na miche haiwezi kusubiri taratibu za benki. Kilichotuokoa ni kwamba mashimo yalikuwa yamechimbwa tayari kwa kujitolea na muuza miche alikubali barua ya ahadi. Kama tungepanga kuwalipa vibarua wachimbe, tusingepanda kabisa mwaka huu.

Milingoti ilichukua muda kuliko yote. Mwenye shamba la juu ya chemchemi ni mzee tunayemheshimu sana. Tulipokwenda na kamba ya mita 60 alitusikiliza, kisha akasema, "Wanangu, hii milingoti ndiyo ada ya mjukuu wangu. Mkiikata leo, Januari mtamlipia nyie?" Swali la haki. Kusoma kifungu cha sheria mbele yake kusingejibu kitu. Tulikaa naye pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, tukakubaliana hivi: miti iliyofikia nguzo anaivuna na kuiuza mwenyewe, ruzuku inalipia msumeno, kikundi kinabeba nguzo hadi barabarani bure, naye haruhusu machipukizi kukua tena. Makubaliano yakaandikwa na kutiwa saini kwenye ofisi ya kijiji. Ada ililipwa.

Wenye vinyungu karibu na chemchemi walikuwa wachache, na kijiji kiliwapa eneo jingine. Vya chini tutavifikia baadaye.

Februari 2024: Mafuriko na visiki

Mvua za El Niño zilikuja kwa nguvu. Karibu nusu ya miche iliyopandwa ukingoni kabisa ilisombwa. Iliyopandwa hatua chache juu, nyuma ya matete, ilisimama. Matete ndiyo yaliyovunja nguvu ya maji. Sisi tulikuwa tumeyafyeka sehemu kadhaa ili "kusafisha" mahali pa kupanda. Agizo likabadilika siku hiyohiyo: matete hayaguswi, na mche unapandwa nyuma yake.

Kuna sababu ya pili. Vijana walipokuwa wakifyeka upande wa chini walikuta kiota cha korongo taji, lundo la nyasi lililokandamizwa katikati ya maji, na mayai mawili. Waliondoka kimya na kuweka fito za alama kwa mbali. Korongo huyu IUCN, muungano wa dunia wa uhifadhi, imemweka kati ya ndege walio hatarini kutoweka tangu 2012, na hutaga wakati huuhuu wa mvua, akiatamia karibu mwezi mzima. Sasa kalenda yetu inasema hakuna kazi ndani ya matete kuanzia Desemba hadi Mei.

Visiki vya mlingoti vilichipua vyote. Kukata machipukizi peke yake ni kama kupunguza nywele, yanarudi mengi zaidi. Kilichofaa ni hiki: unabandua gome lote la kisiki kwa shoka dogo, kuanzia juu hadi chini ya usawa wa udongo, unafukua kidogo shingo ya mzizi ili usiache hata ukanda mwembamba wa gome, kisha unafunika kwa udongo. Gome la kisiki kibichi linatoka kwa mkanda mrefu, linateleza, lina harufu kali inayoshika mikononi siku nzima. Kisiki kikishakauka juu gome linagandamana na kazi inakuwa mara tatu. Kwa hiyo bandueni siku ileile mti unapoanguka. Vile tulivyobandua mapema, vingi havijachipua.

Juni 2024: Risiti

Hapa nusura tukose awamu ya pili.

Mkataba unadai risiti ya mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kodi, kwa kila manunuzi. Muuza miche hana mashine. Mzee wa migono hana. Mama anayepika chakula cha kazi hana. Tulikuwa na matumizi ya Sh 2,900,000 yenye karatasi za mkono tu, na ripoti ikarudishwa.

Tulichofanya: kwa kila malipo ya namna hiyo tuliandaa hati ya malipo yenye jina la mlipwaji, namba yake ya kitambulisho cha taifa, simu, kazi au kitu kilichonunuliwa, saini yake, saini za watu wawili wa kikundi na muhuri wa kijiji. Tukaambatisha picha ya bidhaa ikipokewa. Mfuko ukazikubali, lakini uliandika wazi kwamba wakati mwingine tuombe kibali kabla. Kikundi kinachoanza kiulize mapema: asiye na mashine tunamlipaje? Jibu lipatikane kwa maandishi.

Daftari la mahudhurio nalo lilitupa shida. Mwanzoni tuliandika majina tu. Mchango wa kazi hauhesabiki kwa majina. Sasa kila mstari una tarehe, kazi, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na saini. Kibarua wa siku hapa analipwa Sh 7,000, na kwa kipimo hicho kazi ya kujitolea hadi sasa imepita Sh milioni sita. Nilipoisoma jumla hiyo kwenye mkutano wa kijiji watu walinyamaza, kisha wakapiga makofi. Hawakuwa wamewahi kuona nguvu zao zimeandikwa.

Oktoba 2024: Banio

Kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyobeba ombi letu. Ukuta wa banio unadondosha maji sentimita 60. Kambare na perege hupanda maji yanapofurika ili wakazalie sehemu tulivu zenye majani. Wakifika hapo wanagota.

Jaribio la kwanza tulilifanya mwaka jana bila kumwuliza mtu: mawe na magogo yaliyorundikwa chini ya ukuta. Mafuriko ya Januari yaliyabeba yote. Jaribio la pili tulianza Iringa mjini, kwenye Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, kwa sababu kugusa banio si jambo la kikundi peke yake. Mhandisi alikuja kuona na kutuchorea mteremko wa mawe: kwa kila sentimita 5 za kupanda, mita moja ya urefu, yaani mita 12 kwa sentimita 60. Mawe makubwa yamezikwa theluthi yake ndani ya kitanda cha kijito, yamepishana kama meno, na kati yake kuna vidimbwi ambamo samaki anapumzika kabla ya kuruka tena. Saruji iko pembeni na chini tu. Katikati ni mawe matupu, maana kambare anahitaji mahali penye mkwaruzo pa kujisukumia.

Wenye mfereji walikuwa na hofu ya kukosa maji, na hofu yao ilikuwa na msingi. Tukakata pengo kwenye ukuta na kulitia ubao. Kiangazi, vinyungu vinapotegemea mfereji, ubao unashushwa na kuacha upenyo mwembamba. Mvua zikianza hakuna anayemwagilia, ubao unaondolewa. Ufunguo wa ubao anao mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, hatunao sisi, na bila hilo wasingekubali.

Saruji, lori, nondo chache na fundi: Sh 3,850,000. Tulikuwa tumekadiria 2,600,000. Tofauti ilitoka kwenye mawe. Mawe ya karibu yalikuwa laini, yanavunjika kwa nyundo, na magumu yalisombwa kutoka mbali kwa lori. Gongeni mawe kabla ya kuandika bajeti.

Februari 2025: Juu ya banio

Tumepanda miche 1,500 mingine ya kununua, Sh 1,050,000, pamoja na ile mivengi ya kitalu chetu. Yote imewekwa nyuma ya matete.

Mgono wa juu ya banio ulitolewa na mama mmoja wa kikundi alfajiri, maji yakiwa bado ya rangi ya chai. Ndani mlikuwa na perege wawili wadogo, na chini yao kambare wa urefu wa mkono hadi kiwiko, tumbo limejaa mayai, sharubu zimenata kwenye fito za mgono. Aliita kila aliyekuwa karibu. Tulimpima haraka, tukamtia majini, akazama kwenye matete bila haraka.

Ni samaki mmoja wa mwezi mmoja, na kwenye ripoti tumeandika hivyo hivyo. Lakini tangu tuanze kupima hakuna kambare aliyewahi kuandikwa upande huo.

Utupa haujaisha. Tumepata tukio moja, dimbwi la chini. Sheria ndogo ya kijiji imepitishwa na mkutano mkuu na imepelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mpaka hapo tunatumia maneno na kulinda kwa zamu.

Juni 2025: Kufunga hesabu

Manunuzi ya miche yote, Sh 2,800,000. Kitalu, 840,000. Majembe, sururu, matoroli na gambuti, 1,960,000. Msumeno na mafuta yake, 1,150,000. Mteremko wa banio, 3,850,000. Chakula cha siku za kazi, 2,400,000. Nauli na mafuta ya wataalamu, 1,300,000. Mikutano, mabango na uandaaji wa sheria ndogo, 900,000. Dharura na makato ya benki, 800,000. Jumla Sh 16,000,000. Kazi ya kujitolea, kwa daftari, imepita Sh milioni tisa.

Miche iliyo hai tutaihesabu Oktoba, kiangazi kikiwa kikali. Hesabu ya sasa hivi ingependeza lakini isingesema kitu. Visiki vinavyochipua bado vipo upande wa mashariki, tulikochelewa kubandua. Asilimia 10 ya mwisho haijaingia, na deni lililobaki ni la lori, ambalo mwenye nalo amekubali kusubiri hadi Agosti.

Kijiji cha jirani, chini yetu, kina banio la namna hiihii na wametuomba tukae nao kuandika ombi. Nakala za katiba, hati ya malipo, daftari la mahudhurio na mchoro wa mteremko ziko ofisi ya kijiji, na yeyote anaruhusiwa kunakili. Tumewaambia waanze na migono mvua zitakapofunguka Novemba, fomu ije baadaye.